Mkwe Aliyechora kwa Takataka

Isome taratibu, ukimaliza mrushie mwenzako mwenye ndoa.

Palikuwa na kijana mmoja mjini Tanga, jina lake Semboja, aliyeoa mke mchoraji. Mke huyo, Tatu, hakuchora simba wala mlima. Aliokota mabati yenye kutu, ndala zilizokatika, magunia na vipande vya ndoo, akavibandika kwenye ubao na kuvipaka rangi. Ukimwuliza amechora nini, hucheka: "Bado najaribu. Wewe waona nini?"

Semboja alimpenda mkewe, ila picha zile hakuzielewa. Majirani walipouliza, aliwaambia mkewe anakusanya vyuma chakavu.

Siku moja mama yake, Bi Mwanjaa, akapiga simu kutoka Korogwe. "Nasikia nyumba yako imegeuzwa jalala. Nakuja kuona mwenyewe."

Semboja akaogopa. Mama yake hakuwa na simile katika mambo ya usafi. Mke wa kaka yake Semboja alisemwa mpaka akarudi kwao, na kisa kilikuwa sufuria moja chafu tu.

"Tuzifiche picha uvunguni," akamwambia Tatu.

"Kumbe unanionea aibu, mume wangu?"

Picha zikabaki ukutani.

Bi Mwanjaa akafika. Tatu akapiga goti. "Shikamoo, mama."

"Marahaba," akajibu, macho yakiwa ukutani. Hakukaa, hata maji hakunywa. Semboja akasingizia kazi, akatoroka.

Lakini huko kazini hakuna alichoshika kikashikika. Mwanamume gani humwacha mkewe vitani peke yake? Mchana akarudi mbio. Kabla hajafika mlangoni, akasikia makelele.

"Toa hilo! Toa nakwambia!" mama yake anafoka.

"Silitoi, mama!"

"Mimi ndiye mkubwa hapa!"

Semboja akausukuma mlango. "Mama, nakuomba! Kama ni kumfukuza, tufukuze wote wawili. Hizi ni kazi za mke wangu, na mimi nazipenda!"

Wanawake wakageuka. Wote wawili walikuwa na rangi mpaka kwenye nyusi. Katikati yao, sakafuni, palikuwa na ubao mkubwa, na Bi Mwanjaa ameshika mfuniko mwekundu wa ndoo.

"Nani amfukuze nani?" akauliza. "Mkeo kang'ang'ania kuweka gunia hapa. Mimi nasema hapa panataka wekundu. Mfuniko huu nimeingia jalalani mwenyewe kuutafuta! Haya, wewe amua."

Semboja akautazama ubao. "Lakini mama, hiyo ni picha ya nini?"

"Usiniulize mimi. Nilikuja kumkemea mwenzio. Nikaitazama hii, nikaona pale pembeni pamepungua kitu, mkono ukaniwasha."

Tatu wala hakuwa akiusikiliza ugomvi wa mfuniko tena. Alikuwa akimtazama mumewe.

"Umesema unazipenda?"

"Nimesema."

"Tangu lini?"

Semboja akajikuna kichwa. "Tangu pale mlangoni."

Bi Mwanjaa akacheka mpaka mfuniko ukamponyoka, ukaanguka juu ya gunia. Wote watatu wakaangalia ulipoangukia. Hakuna aliyeuondoa.

Funzo: Usimwonee aibu umpendaye kwa sababu tu huelewi anachokifanya. Simama upande wake kwanza, kuelewa kutakufuata.