Mvule wa Marehemu na Meno ya Fundi Gwakisa

"Kabla hujaulaani mti, tazama meno." Ndivyo nilivyomwambia Lwitiko asubuhi alipokuwa akimgombeza mkewe kwa ajili ya ugali wenye mabonge, nanyi mkacheka, mkauliza ugali na meno vinahusiana nini. Meno hayo si ya mtu, wajukuu zangu, ni ya msumeno. Msemo huu ulizaliwa hapahapa kijijini, kinywani mwa mwanamke niliyeimba naye kwaya. Kaeni niwaeleze, ingawa nikikikumbuka kisa chake mpaka leo damu inanichemka, Mungu anisamehe.

Mwanamke huyo aliitwa Tulinagwe, nasi tulizoea kumwita Mama Subilaga kwa jina la mtoto wake. Mumewe alifariki akiwa ameshasimamisha kuta za nyumba yao na kuezeka bati, ila milango na madirisha bado. Pembeni mwa shamba aliacha mvule mmoja mnene, na enzi za uhai wake alizoea kuupigapiga kwa kiganja akisema, hii ndiyo milango yetu.

Mazishi yalipokwisha, shemeji yake Tulinagwe, Ambakisye, akaanza maneno. Nyumba isiyo na milango, alisema, bado ni kuta tu, na kuta ni za ukoo. Aliyasema hayo taratibu, huku akila chakula cha huyohuyo mjane. Wazee wakakata shauri: siku ya kuondoa tanga, msiba unapofungwa, ikikuta milango imesimama, nyumba ni ya mama na watoto wake. Isiposimama, arudi kwao.

Basi akaukata mvule. Wapo walionong'ona kwamba mti wa marehemu haukatwi kabla tanga halijaondolewa. Tulinagwe akawauliza milango ataitoa wapi basi, wakatazama pembeni.

Magogo yakapelekwa kwa fundi Gwakisa, maana yeye peke yake ndiye aliyekuwa na mashine ya kupasulia mbao. Msumeno wa mashine ile ni mkanda wa chuma wenye meno, unaozunguka juu ya magurudumu mawili. Na mikanda haifanani. Ule mwembamba wenye meno madogo yaliyosongamana ni wa kukatia mapindo, kama mgongo wa kiti. Wa kupasulia gogo nene ni mpana, meno yake makubwa na yameachana, ili unga wa mbao upate pa kukaa mpaka utoke upande wa pili. Ukipeleka meno madogo kwenye gogo nene, unga unayaziba, mkanda unashika moto, kisha unatangatanga ndani ya mti kama mlevi anayetafuta kwake.

Gwakisa aliyajua yote hayo, na hapo ndipo ninapokasirika. Alikuwa akitengeneza viti vya harusi, kwa hiyo mkanda mwembamba ndio uliokuwa kwenye mashine. Kuubadili ni kazi: uulegeze, uuvue, uuvishe mwingine, uukaze, uupime kama umenyooka. Akaona kwa magogo ya mjane, ya nini kujisumbua. Tena mkanda wenyewe ulikuwa umechoka. Jioni hakuwa akiulegeza upumzike, wala hakuufuta, na utomvu ulikuwa umegandia kwenye meno kama masizi kwenye sufuria.

Gogo la kwanza likatoa mbao nene upande mmoja na nyembamba upande wa pili, kama kabari. La pili likatoa mbao zenye matumbo. Gwakisa akazima mashine, na mbele ya watu waliokuwa wakingoja zamu zao akatamka kwamba mti huu umekataa. Umekatwa kabla ya tanga, na marehemu mwenyewe ndiye anayempinda mkono.

Neno hilo lilifika kwa Ambakisye kabla mbao hazijafika nyumbani. Jumapili, nje ya kanisa, niliona kwa macho yangu wanawake wakizikusanya kanga zao ili Tulinagwe asiwaguse. Zaburi ilikuwa haijawakauka midomoni. Lilikuwa limebaki gogo moja tu, na Ambakisye akawaleta wazee karakanani walione nalo likikataa, shauri liishe.

Tulinagwe alikuja na nguo zake za msiba. Hakulia. Magogo yale mawili yalipokuwa yakipasuliwa alikuwa amesimama kando akitazama, na alikuwa amesikia harufu ya mbao inayoungua.

"Wazee wangu," alisema, "kabla gogo langu halijaguswa, naomba fundi apasue lake."

"Langu lipi?" Gwakisa akauliza.

"Hilo la msindano ulilolitoa Tukuyu, limeegemea ukuta. Hilo halina marehemu wala tanga."

Gwakisa akacheka. "Mama Subilaga, ufundi umeuanza lini?"

"Ufundi sina. Uchawi ndio mlionipa. Pasua tuone kama nimeliroga na la kwako."

Ambakisye akasema wazee wanapotezewa muda. Lakini mzee Anyosisye, mkubwa wao, akasema mama ameomba jambo dogo, na Gwakisa hakuweza kumkatalia.

Mkanda uliingia vizuri, kisha ukaanza kulia, moshi ukatoka, ukachepuka. Mzee Anyosisye akauinua ubao ule, akafumba jicho moja, akautazama kwa urefu. Ulikuwa kabari.

"Na huyu msindano naye amefiwa?" akauliza.

Tulinagwe akausogelea mkanda uliosimama, akakwangua jino kwa ukucha, akawaonyesha weusi uliobaki kidoleni.

"Mume wangu hajampinda mtu mkono," alisema. "Mmemsingizia maiti asiyeweza kujitetea, na mimi na watoto wangu mmetutenga, na katika ninyi nyote hakuna aliyeinama kuangalia hapa. Kabla hujaulaani mti, tazama meno."

Mkanda mpana ulikuwepo siku zote, unaning'inia nyuma ya mlango, umepakwa mafuta. Gwakisa akauvisha bila kunyanyua uso, na gogo la mwisho likapasuka mbao zilizonyooka. Zilitosha mlango wa mbele na wa nyuma. Madirisha yakazibwa na zile zilizopinda, kila moja ikichongwa kwa mkono mpaka ikakaa.

Waliomtangaza walimtangaza hadharani. Waliomwomba radhi walimwendea mmojammoja, jikoni, kwa sauti ya chini. Sikuona haki hapo, na sitaacha kulisema. Lakini siku ya kuondoa tanga Ambakisye alifika mbele ya ile nyumba, akaukuta mlango wa mvule umefungwa. Ikambidi asimame nje kama mgeni yeyote, abishe hodi, angoje mjane amkaribishe.

Ndiyo maana huku kwetu mtu akianza kunyoosha kidole upesi, tunamwambia: kabla hujaulaani mti, tazama meno.