Tumbo Lililojaa Miradi

Paukwa!
— Pakawa!
Palikuwa na nini?
— Palikuwa na tumbo!
Tumbo la nani?
— La aliyeshiba!
Alishiba nini?
— Tuambie wewe, kinywa ni chako!

Haya, sogeeni. Si sana. Hapo hapo panatosha.

Hapo kale wanyama wa msitu wa Mkunguni walikuwa na shule yao. Kuta za udongo, paa la makuti, na kengele yao ilikuwa rimu ya lori, sijui waliokota wapi. Mwalimu mkuu alikuwa Kobe, mpole wa watu, ukimuuliza swali zito anaingiza kichwa ndani mpaka swali lipite.

Basi kila mvua zikikatika, viranja walitakiwa watoe wazo la mradi wa wanafunzi. Kisima, bustani, choo, chochote cha kuifaa shule. Na wazo halikutolewa ovyo, lilipelekwa kwa mlezi wa viranja. Na mlezi alikuwa nani? Chatu! Weee! Jamani, nani alimpa Chatu ulezi? Wanasema alijipa mwenyewe. Alikuja siku ya mkutano wa wazazi akajilaza mlangoni, na hakuna mzazi aliyetaka kuwa wa kwanza kumruka.

Chatu alikaa pangoni, nyuma ya uwanja. Akasema wazo likisikiwa na wengi linachacha. Kwa hiyo mwenye wazo aje peke yake, jua la utosi, aingie ndani, alieleze.

Digidigi akaenda.

"Hodi, mlezi."

"Karibu, mwanangu. Una wazo?"

"Tutachimba kisima."

"Wazo zuri. Ila sauti ndogo. Sogea."

Digidigi akasogea.

"Wazo zuri. Ila sauti ndogo. Sogea."

Digidigi akasogea.

"Wazo zuri..."

Gubu!

Chatu akatoka nje, srrr, srrr, anajilamba. Akasema, "Mradi umepita! Mwenyewe yumo ndani anaushughulikia." Watoto wakapiga makofi, pa pa pa! Kisima hakikuchimbwa.

Mvua zikaja, zikakatika. Akaenda Kanga na wazo la bustani. Wazo zuri, ila sauti ndogo, sogea. Gubu! Srrr, srrr. "Mradi umepita! Mwenyewe yumo ndani anaushughulikia." Pa pa pa! Bustani haikulimwa.

Mvua zikaja, zikakatika. Akaenda Komba. Komba alikuwa mchekeshaji, kicheko chake kwe-kwe-kwe darasa zima linavunjika. Yeye alitaka watoto wafungiwe bembea. Aliingia pangoni anacheka. Gubu! Pa pa pa!

Hakuna aliyejua kinachoendelea. Yaani kila mtu alijua, ila hakuna aliyesema.

Sasa Komba alikuwa akikaa dawati moja na Sange. Mnamjua Sange? Kale kapanya kenye pua ndefu kama mrija, kila saa inachezacheza, inanusa mambo yasiyokahusu. Walipendana hao, muwa mmoja wanatafuna wawili. Sange akakaa na dawati lake tupu upande mmoja, moyo unamuuma.

Kobe akamwita.

"Sange, wewe sasa ndiye kiranja. Mvua zikikatika utapeleka wazo."

"Mimi, mwalimu? Si unaniona nilivyo mdogo?"

"Mdogo ndiyo vizuri," Kobe akasema. "Hutaumia sana." Kisha akaingiza kichwa ndani.

Haya! Sange akatoka pale. Akazunguka nyuma ya darasa, na nani kalala juani? Chatu. Kajinyoosha, kashiba, tumbo limeumuka huku na huku kama magunia. Mchana ule ulikuwa kimya, jamani. Nyenje kimya. Majani kimya. Sange akanyatia, akaweka sikio kwenye lile tumbo.

Akasikia sauti. Ndogo, ya mbali, kama mtu anayeongea ndani ya mtungi.

"Ndugu mlezi, tutachimba kisima..."

Halafu nyingine. "Ndugu mlezi, tutalima bustani. Mchicha, bamia..."

Halafu vishindo vidogo, chap, chap. Wanasogea. Mpaka leo bado wanasogea!

Sange akabana sikio zaidi. Akanong'ona, "Komba!"

Kimya.

"Komba!"

"Sange?" Sauti ikaja polepole, haina kicheko hata chembe. "Ni wewe? Huku giza, mwenzangu. Anasema bado hanisikii." Na chap, chap, ikaondoka.

Sange alilia siku ile. Alilia hadi pua ikamvimba. Alipomaliza kulia akaanza kufikiri.

Mvua zikakatika. Jua la utosi, Sange akafika pangoni. Akasimama mlangoni, mguu mmoja ndani, mguu mmoja juani.

"Hodi, mlezi."

"Karibu, mwanangu. Una wazo?"

"Ninalo."

"Wazo zuri. Ila sauti ndogo. Sogea."

"Mlezi, sijalisema bado."

Kitu kikajikunjua gizani, srrr.

"Basi sema."

"Kwanza nikuulize, usinikasirikie. Miradi yote hii umeipitisha wewe. Ushawahi kuwa mgeni rasmi?"

"Mgeni nani?"

"Loo! Yaani hujui? Mgeni rasmi ndiye anayezindua mradi! Anavishwa shada. Anatandikiwa mkeka. Anaingia mradini wa kwanza, wazazi wote wanamngoja juani. Akishatoka anahutubia, anachezewa ngoma, na sahani ya kwanza ya pilau ni yake."

"Mbona mimi sijaitwa kuzindua?"

"Uzindue nini, mlezi? Wenye miradi wote wamo ndani wanaishughulikia."

Chatu akainua kichwa. Njaa ya nyama alikuwa nayo, lakini njaa ya sifa, jamani! Ile haina tumbo la kujaa.

"Mradi wako wewe ni nini?"

"Ghala la chakula. La chini kwa chini, refu kama wewe. Unaingilia huku, unatokea kule."

"Wazo zuri," Chatu akasema, na safari hii alimaanisha. "Sogea unieleze."

"Nikisogea, nani atachimba?" Sange huyoo, mbio!

Watoto wakachimba. Ndi, ndi, ndi! Mlango wa kuingilia wakaupanua kama wa nyumba ya harusi. Mlango wa kutokea wakaufanya mwembamba kama shingo ya mtungi. Juu wakatandaza fito nyembamba na udongo mbichi, paa likawa laini kama godoro.

Siku ya uzinduzi wazazi wakajaa. Chatu akavishwa shada, akatambaa juu ya mkeka, shingo kaisimamisha. Mlangoni akageuka, akawatazama watoto mmoja mmoja, kama anayechagua. Kisha akaingia. Srrr... mkia ukapotea. Ghala likammeza kama yeye alivyowameza wenzao.

Watu wakazunguka upande wa pili. Kule mwisho kichwa kikachungulia. Shingo ikatoka. Tumbo likakataa.

"Sange! Pananibana huku!"

"Heshima ndivyo ilivyo, mlezi, inabana! Hutubia!"

"Wazazi... walimu..."

"Hotuba nzuri!" Sange akapaza sauti. "Ila sauti ndogo. Fumbua kinywa! Jamani, mgeni rasmi anahutubia, mchezeeni ngoma!"

Watoto wakapanda juu ya paa la ghala. Ndi! Ndi! Ndi! Wakakanyaga, wakaruka, wazazi nao wakapanda na mashuka viunoni. Ndi! Ndi! Ndi! Paa likadidimia, tumbo likaminywa, kinywa cha Chatu kikafumbuka paaa!

Akatoka Kanga. Kalowa, macho kafumba, anasema, "Mchicha, bamia..." Yale madoadoa meupe mnayoyaona ni mate ya Chatu, hayajatoka mpaka leo.

Akatoka Digidigi. "Tutachimba kisima, tutachimba kisima..." Mama yake akamkumbatia, naye akamsemea begani, tutachimba kisima. Hakuna aliyepiga kigelegele. Nani angeweza?

Na Komba? Komba ndiye aliyemezwa mwisho, ndiye angetoka kwanza. Hakutoka. Aliambiwa sogea, akasogea, akawapita wenzake, akafika kule kwenye mkia kusikofika ngoma.

Sange akashuka pale juu. Akaenda mpaka kwenye kile kinywa, akaingiza pua, akaingiza kichwa, mabega. Akaita, "Komba! Toka!" Kimya. "Komba, ni mimi!" Kimya.

Basi Sange akavuta pumzi. Akaifanya sauti yake nzito, ya taratibu, ya baridi.

"Wazo zuri. Ila sauti ndogo. Sogea."

Chap, chap.

"Wazo zuri. Ila sauti ndogo. Sogea."

Chap, chap, chap. Mkono mdogo wa Komba ukamshika pua. Sange akamvuta, fyuuu, hao wote wawili juani!

Chatu, tumbo tupu, kawa mwembamba kama mshipi, akapenya kile kitundu akakimbilia kinamasini. Hahutubii tena yule. Anaogopa akifumbua kinywa sana vilivyomo tumboni vitamtoka.

Shule ikachangamka. Kisima kikachimbwa, bustani ikalimwa, bembea zikafungwa. Na ulezi akapewa nani? Sange! Alikataa, wakamsihi, alikataa, wakamsihi, akakubali. Akapewa pango pia, maana ofisi nyingine haikuwepo.

Mvua zikaja, zikakatika. Jua la utosi, Komba akafika mlangoni, kicheko kimemrudia, kwe-kwe-kwe!

"Hodi, Sange! Mwenzangu, nina wazo jipya!"

Mle ndani giza. Kinaonekana kipua tu, kinachezacheza.

"Karibu," Sange akasema. "Wazo zuri. Ila sauti ndogo. Sogea."

Kicheko cha Komba kikakatika. Macho yakamtoka, yakawa makubwa kama visahani. Akageuka, akaruka, akakwea mti, na hajashuka. Mpaka leo Komba analala juu, macho hayajarudi ndani, na gizani ukimsikia analia kama mtoto, anamlilia rafiki yake.

Sange anasema alikuwa anatania.

Na funzo lake nini? Funzo lake, wanangu, ni kwamba mtoto mwenye wazo zuri asiwe mwoga. Amwendee mkubwa wake. Na akiambiwa sogea, asogee.

Ngano nimeitema!
— Tumeimeza!
Imo?
— Imo tumboni!
Inasemaje huko ndani?
— Inasema sogea!