Fimbo ya Kuzibulia Ndiva

Nawaletea habari ya watoto watatu wa mama mmoja. Isikilizeni mniamulie, maana sisi wa ukoo tumeshindwa.

Mama huyo aliitwa Namsifu, wa milimani Upare. Kila asubuhi alishika fimbo ndefu akazibua ndiva, bwawa linalokusanya maji ya chemchemi, ili yateremke mashambani. Fimbo hiyo hushikwa na mtu mmoja tu.

Nakijwa, mzaliwa wa kwanza, alikuwa na ulimi. Ungempa maji kikombeni angekutajia chemchemi yalikotoka. Mbonea alikuwa na mikono: redio na simu zilizokufa alizifufua. Senzia, kitinda mimba, alikuwa na kumbukumbu. Kila mwaka, siku ya kusafisha ndiva, alijaza chupa moja maji ya chemchemi, akaiziba kwa nta na kuandika tarehe, kama bibi yao alivyofanya.

Kisha karakana ya kupaka vyuma rangi ya fedha ikafunguliwa kule juu. Nakijwa alikuja kumsalimia mama, akanywa, akatema.

"Maji haya si yetu."

Mbonea akacheka. "Dada, ulimi umeunguzwa na pilipili za shemeji. Ngoja tuyapime."

Akaunda kisanduku cheusi. Mwali mwembamba wa mwanga wa kijani ulipita ndani ya glasi ya maji, na kamera ya simu, ikitazama kutoka ubavuni, ikahesabu chembe zinazometa, ndogo mno kwa jicho. Lakini kipimo huhitaji maji safi ya kulinganishia, na Mbonea, kama sisi sote, hakujua maji safi kuliko ya ndiva. Akakifundisha kisanduku kwamba hayo hayo ndiyo safi. Kikaonesha sifuri.

"Kunywa, mama," akasema.

Nakijwa akanuna, akarudi kwa mumewe, wala hakusema tena.

Baada ya miezi minane mama alivimba miguu. Daktari akasema ni figo. Mama akawaita wanawe.

"Atakayenionesha kilichomo majini, fimbo ni yake."

Ndipo Senzia akaleta chupa ya miaka sita nyuma. Tangu siku dada alipotema maji alitaka kuileta, ila tangu enzi za bibi nta ya chupa hizo haikuwahi kuvunjwa, naye aliogopa kuwa wa kwanza. Mbonea akakifundisha kisanduku upya kwa maji ya chupa: giza tupu, bila chembe hata moja. Nakijwa akaonja mikondo mitatu inayoingia ndivani, akachagua mmoja, ule upitao kando ya karakana. Walipoyatia maji yake kwenye glasi, kioo cha simu kilijaa chembe zinazometa.

Mama akainuliwa atazame.

"Kumbe yanapendeza hivi," akasema.

Wiki iliyofuata tulimzika.

Karakana ilifungwa. Misimu miwili ya mvua imepita, na kisanduku sasa kinaonesha giza. Fimbo ingali imeegemea ukuta wa jiko.

"Ya dada," alisema Mbonea tulipomaliza matanga. "Alijua kwanza."

"Nilijua nikanyamaza. Chukua wewe, mdogo wangu. Bila kisanduku tungeona nini?"

"Kisanduku ndicho kilichomwambia anywe."

Wakamgeukia Senzia. Yeye alikuwa akikusanya vipande vya nta sakafuni, kimoja kimoja, akavifunga kwenye kanga ya mama.

Ndiva haina wa kuizibua, imejaa hadi inafurika, na mahindi ya bondeni yananyauka. Ninyi mnaosikiliza, fimbo ni moja: mngemkabidhi nani?