Mgeni wa Dalali

Hebu jaribuni kuliona lango hili. Ni refu, limepakwa rangi ya zafarani, na nyuma yake gurudumu kubwa la pembea linazunguka polepole likiwa limejaa watoto wanaopiga kelele. Mbele ya lango wamesimama wanawake wawili na masanduku yao. Mmoja anaitazama pembea. Wa pili anamtazama huyo anayeitazama pembea, na midomo ameibana. Huyo ni mama mkwe. Mmeshawaona? Basi sasa niwaambie walifikaje hapo.

Palikuwa na Sultani aliyeitwa Jabali, na nchi yake msiitafute kwenye ramani. Alijenga bustani ya michezo yenye pembea, miteremko ya maji na ngamia wa kupandisha watoto, na kando yake akajenga nyumba ya wageni. Mwanzoni vyumba vilikaa vitupu, vikalaliwa na popo. Sultani akamwita dalali mmoja mwenye tovuti, akampa picha za vyumba, akamwambia avitafutie wageni. Dalali akawatafuta. Watu walibonyeza simu zao wakiwa bado vitandani, wakapata vyumba, wakaja. Bustani ikafurika mpaka ngamia wakawa wanajificha.

Mambo yalipomnyookea, Sultani akaanza kuona wivu. Wageni waliokuwa wanaondoka walikuwa wakimsifu dalali. Yeye hata hawakumtaja. Basi akatoa amri: atakaye chumba aje barazani akiombe kwa kinywa chake, mbele ya Sultani mwenyewe. Aliyepewa chumba na dalali akalale bandani na ngamia.

Amri hiyo haikumfikia Mwanamize. Mwanamize alikuwa msusi wa nywele wa mji wa mbali, maskini wa kila kitu isipokuwa maneno. Kwa simu yake yenye kioo kilichopasuka alikuwa amepata chumba kizuri, kile kinachotazama pembea, na akamwalika mama mkwe wake, Bi Hidaya, waje wapumzike. Hapo ndipo palipokuwa na moto. Tangu siku ya harusi Bi Hidaya alikuwa akisema kwamba mwanawe hakuoa mke, ameoa ulimi. Njia nzima alisema hajapata kuona nyumba inayofunguka kwa kugusa kioo. Mwanamize alijua kwamba wakikosa chumba, habari hiyo itasimuliwa kwenye kila harusi na kila hitima ya ukoo, mpaka wanaoisimulia wazikwe na wengine waipokee.

Na chumba wakakikosa. Bawabu alisoma jina la dalali kwenye simu, akanyoosha kidole kwenye banda. Bi Hidaya aliketi juu ya sanduku lake akatabasamu, na tabasamu lile lilimchoma Mwanamize kuliko matusi. Akaomba kuonana na Sultani. Bi Hidaya naye akainuka akamfuata, asije akapitwa na aibu hiyo.

Walimkuta barazani, watu wamejaa, anakula halua na mkewe, Bi Salha.

"Wewe ndiye mgeni wa dalali?" akauliza Sultani.

"Mimi ni mgeni wako, Bwana wangu. Dalali hana pembea."

Baadhi ya watu wakacheka kidogo, kisha wakakumbuka walipo.

"Ulikuja kwangu kuomba chumba?"

"Sikuja."

"Ulinisikia mimi nikikwambia ndiyo?"

"Nilimsikia dalali."

"Basi kalale kwa dalali."

"Yeye anasema chumba ni chako."

"Chumba ni changu. Neno ni lake."

"Kwa hiyo mtu akiniletea salamu zako, Bwana, nimwitikie yeye?"

"Usinichezee, mwanamke. Sheria yangu ni nyepesi, hata mtoto anaishika. Jambo lililopita kwa mtu wa kati halinifungi mimi, wala halimfungi mtu yeyote katika nchi hii."

"Yeyote?"

"Yeyote."

"Hata mkubwa?"

"Sheria haijui mkubwa."

Mwanamize akamgeukia Bi Salha, akamwamkia kwa adabu, naye akaitikiwa. Kisha akamrudia Sultani, akauliza kwa sauti ya mtu anayeulizia njia:

"Bwana wangu, nani alikwenda kumposa Bi Salha kwa baba yake?"

Sultani akaacha kutafuna. Katika nchi ile, kama huku kwetu, mwanamume haendi kujiposea. Humtuma mshenga, yeye akabaki nyumbani akihesabu boriti za dari.

"Alikwenda mshenga," akasema.

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Nyumbani."

"Ulimsikia Bi Salha akikwambia ndiyo?"

"Nililetewa jibu."

"Na nani?"

"Na mshenga. Lakini yule nilimtuma mimi mwenyewe."

"Na dalali picha za vyumba vyako aliziokota njiani?"

Bi Salha akaiweka chini sahani ya halua, akapangusa vidole, akasogea mbali na mumewe. Hakusogea sana, kiasi cha kuweka mto mmoja. Watu wakaanza kuchunguza kucha zao, maana hakuna aliyetaka kuonekana na meno nje. Bi Hidaya peke yake ndiye aliyecheka, tena kwa sauti, akamshika mkwewe mkono.

Mwanamize akainama kwa heshima.

"Sheria ni sheria, Bwana wangu. Mimi na mama tunakwenda bandani, wala hatuna kinyongo. Ila nakuomba ukumbuke jambo moja tu: sisi tutalala upande wa kushoto. Wewe ukija na mto wako, pita kulia, na taratibu, usimkanyage ngamia."