Nondo wa Rangi ya Majivu

Mwanamke mmoja alikuwa na migunga kando ya shamba lake la mahindi. Aliitwa Kasyoka, mjane, na riziki yake ilitoka kwenye migunga hiyo, kwa vifukofuko vya hariri ambavyo viwavi walijifumia matawini.

Viwavi hao walizaliwa na nondo wa rangi ya majivu. Taabu ni kwamba nondo ambaye watoto wake hutafuna mahindi naye alikuwa wa rangi hiyohiyo, na asubuhi wote walilala pamoja kwenye kuta za ghala na jikoni. Hakuna aliyependeza kumtazama.

Kasyoka akamwajiri Munyoki, mtu wa makamo mwenye bidii, awaue waharibifu. Akamweleza kwamba nondo wa hariri ana doa jekundu chini ya bawa, na mwenzake hana. Asimfungue bawa kwa nguvu, maana unga wa bawa ungetoka na doa lisionekane. Amweke kiganjani, asimame juani, angoje. Nondo akipata joto hutetemeka kidogo, kisha hufungua bawa mwenyewe.

Munyoki alingojea wawili, kufika wa tatu akachoka. Mtu mwenye nguvu zake asimame kama mlingoti kwa ajili ya mdudu? Akawaponda wote, akawatia kwenye bakuli. Tusimcheke sana, wengi wetu tungemshikia bakuli.

Kabla ya saa sita alileta bakuli limejaa, akitarajia kusifiwa. Kasyoka alitazama ndani: mavuno ya mwaka mzima yalikuwa humo. Mmoja alikuwa bado hai. Akamweka kiganjani, akatoka juani, uji wake ukapoa mezani. Nondo akatetemeka, akafungua bawa. Doa lilikuwa jekundu kama tofali jipya.

"Munyoki," alisema, "huyu ndiye anayetulisha mimi na wewe."

 Ukuta wa jikoni Munyoki alikuwa hajaufikia, na huko walikuwa wamesalia nondo wachache. Tangu kesho yake alisimama juani kila asubuhi, kiganja wazi, mpaka majirani wakamzoea. Mwaka ule vifukofuko vilikuwa vichache, lakini vilitosha, na Kasyoka alishukuru.

Basi nawauliza, ndugu zangu: yule jirani mnayesema hana lolote, mmekaa naye juani siku ngapi?