Mkasi wa Maalim Badi

Hapo zamani, na si zamani sana, maana baadhi ya waliomzika wangali wanakohoa msikitini, palikuwa na mwalimu wa chuo cha Kurani katika mji wa Kijuvuni, jina lake Maalim Badi. Maalim alikuwa na maadui wawili, shetani na hirizi, na kwa kuwa shetani haonekani, hirizi ndizo zilizoonja joto ya jiwe. Mfukoni mwa kanzu aliweka mkasi mdogo, kaufunga kamba usipotee. Akiona hirizi shingoni mwa mtoto, kacha! Akiiona mkononi mwa bibi harusi, kacha! Mzee mmoja alikatiwa yake akiwa kwenye tahiyatu, hata salamu hajatoa.

Mtoto mmoja, Vuai, alipata kacha yake akiwa na miaka saba. Mama yake alikuwa amezika watoto watatu kabla yake, akatembea siku mbili kwenda kuitafuta hirizi ile, akaishona mwenyewe kwa uzi wa buluu. Maalim akaikata mbele ya chuo kizima, akainyanyua juu, akasema, "Hii inakwenda chooni." Watoto wakacheka mpaka wakaangusha misahafu. Tangu siku ile akawa Vuai Hirizi, na jina likamganda.

Akaota ndevu, akawa fundi mwashi, akajenga birika la msikiti kwa mikono yake. Watu wakatawadha humo wakisema, mazuri haya maji ya Hirizi. Akaoa, akazaa, na binti yake alipokuja kuposwa, upande wa mume waliuliza, "Ndiye mtoto wa yule Hirizi?" Wakaaga kwa adabu, wasirudi. Vuai alilichukia jina lile, na aliyempa alimchukia pia, ingawa kila Ijumaa alimbusu mkono kama wenzake.

Jumatano moja asubuhi Maalim akafariki. Mjane wake, Bi Mize, akautoa wasia. "Kasema hivi: anioshe Ngwali. Mkwe wangu Nassibu awepo. Maji amwage Vuai. Na mkasi wangu apewe atakayenisitiri kuliko wote."

Ngwali hakuna aliyemshangaa, alikwisha kuosha nusu ya mji. Nassibu naye alikuwa mume wa binti wa marehemu na mrithi wa chuo. Lakini Vuai? Watu wakatazamana. Vuai mwenyewe alisema, "Hata maiti anataka nimtumikie," kisha akaenda kuchota maji.

Wakamlaza juu ya kitanda cha kamba, chini yake shimo la kupokea maji, juu yake shuka ya kumfunika. Ngwali akajifunga kitambaa mkononi, akaupitisha mkono chini ya shuka, kama ilivyo ada, bila kutazama. Ulipofika kiunoni ukasimama.

"Pana kitu," akasema.

Akakitoa. Ulikuwa uzi mweusi, na kwenye uzi kifuko cha ngozi kilichong'aa kwa jasho la miaka.

Nassibu akasema "Astaghfirullah" mara tatu, kila mara kwa sauti ndogo zaidi. Vuai alikuwa akiutazama mshono wa kifuko, na mshono ule ulikuwa wa uzi wa buluu. Kata ya maji ikamtoka mkononi.

"Ni yangu hiyo," akasema. "Kaishona mama yangu."

"Vuai, si wakati wa mzaha," akasema Nassibu.

"Mie nina mzaha? Miaka thelathini na mitano mzaha mnao nyinyi!"

Pazia likatikisika. Bi Mize alikuwa akileta kafuri, akaziona nyuso zao. "Mmeiona," akasema, akakaa chini pale pale. Akawaeleza. Siku ile ile ya kacha, Maalim alirudi nyumbani na hirizi mfukoni, akamkuta binti yao Zuhura anaungua homa, macho yamemgeuka. Hakumwambia mtu. Akamfunga mtoto ile hirizi. Kulipokucha mtoto akaomba uji.

"Basi tena akaogopa kuitoa. Alipokua Zuhura, kuitupa hakuthubutu, ikabidi aivae Maalim mwenyewe. Kila siku anasema kesho ataichoma. Mie ndiye niliyekuwa nikiibadilishia uzi wa kiunoni." Akamgeukia Nassibu. "Na huyo Zuhura ndiye mkeo, baba. Ukitaka kuitukana, itukane kwa adabu."

Nassibu hakuitukana. Alisema tu ichomwe sasa hivi, na wote waape, maana ikijulikana chuo kitafungwa, na watu watadai hirizi zao mpaka kwa maiti.

Ngwali akasema hachomi wala haapi. "Mwosha maiti hana macho. Hii tuitie shimoni na maji, tufukie, tumkafini mtu tukamsalie. Jua linapanda."

"Hamchomi wala hamfukii," akasema Vuai. "Ni yangu. Nitaipeleka msikitini, niinyanyue juu kama alivyoinyanyua yeye, na leo jina hili litapata mwenyewe."

Haki ilikuwa yake, na wote waliijua. Akaitia mfukoni, akaokota kata, akaendelea kumwaga maji, kwanza upande wa kulia, kisha wa kushoto, mpaka maji ya kafuri ya mwisho. Kwa mara ya kwanza maishani mwake alimwonea huruma mzee yule, jambo lililomuudhi sana.

Wakamsalia. Imamu akageuka, akauliza, "Mnamshuhudia vipi ndugu yetu?"

"Mwema!" wakaitika, na sauti ya Nassibu ilikuwa juu ya zote.

"Aliyekosewa na marehemu, ajitokeze au amsamehe, kabla hatujamfukia."

Hapo mchekeshaji mmoja wa safu ya nyuma hakuweza kujizuia. "Vuai Hirizi! Msamehe bwana, alikuokoa na ushirikina!" Watu wakaficha meno kwa mashati.

Vuai akasimama. Mkono ulikuwa mfukoni, umekishika kifuko. Nassibu akawa rangi ya sanda. Ngwali alitazama mkeka. Mji mzima ulikuwa pale, na wale waliokataa kumposa binti yake walikuwa safu ya pili. Neno moja tu, na angetoka pale akiwa Vuai mtupu, baba wa binti asiye na ila. Akalitazama jeneza. Mwenye jeneza asingeweza kujibu, kama mtoto wa miaka saba alivyoshindwa kujibu.

"Nimemsamehe," akasema. "Alichonichukulia, amenirudishia."

Watu wakaguswa. Wakasema, mtazame Hirizi, kumbe imani ilimrudia! Wengine walilia.

Siku ya tatu, baada ya hitima, wanne wale wakakutana juu ya mkasi. Bi Mize yuko edani, kwa hiyo alisemea nyuma ya pazia.

Ngwali akasema, "Mie niliigusa wa kwanza, na mlango niliufunga mie. Ningetaka sifa ningekuwa tajiri, maana nayajua ya mji mzima."

Nassibu akasema, "Mie nimemsitiri yeye na kazi yake. Kila asubuhi nitasimama pale chuoni niseme hirizi haramu, nami najua ninayoyajua. Mnadhani jepesi hilo?"

Pazia likasema, "Nyinyi mmemsitiri siku tatu. Mie miaka thelathini na mitano, na nilimfulia."

Vuai alikuwa wa mwisho. "Nyinyi nyote mngepata hasara kusema. Mie nimepata hasara kunyamaza." Hapo nje mtu akapita akabisha hodi, akauliza kama Hirizi yumo ndani, birika linavuja. Vuai akaitika.

Sasa enyi wenzangu, mkasi ulibaki kwenye sinia, na walipotawanyika hakuna aliyeuchukua. Mmoja amenyamaza kwa kazi yake, mmoja kwa cheo chake, mmoja kwa mumewe, mmoja kwa hasara yake. Na kila mmoja alidai kuwa tendo lake ndilo sitara kubwa. Lakini jambo moja linaniwasha. Mle ndani walikuwa wanne tu na maiti, na wote wanne walinyamaza. Nami leo nimewahadithieni mpaka rangi ya uzi. Basi kati ya wanne wale yupo aliyesema, na huenda yupo mmoja ambaye hakusema hata usingizini.

Haya, mkasi huu hapa. Je, nani alistahili kupewa?