Noti ya Shangazi

Noti ya shangazi haiulizwi rangi. Ndivyo nilivyomwambia Rehani jana alipong'ang'ania kujua ni nani aliyemlipia jirani yetu dawa, na nyote mkacheka mkidhani bibi yenu ameanza kuchanganyikiwa. Sijachanganyikiwa bado. Zawena, sogeza hicho kiti unikalie karibu. Chanzo cha methali hii nakijua vizuri, maana siku ilipozaliwa nilikuwepo, kikapu mkononi na roho juu.

Ninyi mna jero, mna buku, mna msimbazi, basi mnadhani ninyi ndio mliokuwa wa kwanza kuzipa noti majina. Thubutu! Korogwe ya usichana wangu kila noti ilikuwa na jina lake. Shilingi tano tuliiita dala na ishirini tuliiita pauni, na hayo yalijulikana hata nje ya kwetu. Lakini noti ya kumi, kwa ule ukijani wake, sokoni kwetu iliitwa mchicha. Ile nyekundu ya mia tuliiita bibi harusi, kwa sababu ilipita mara chache na kila mtu aligeuka kuitazama. Hukusema, "Nipe nyama ya shilingi kumi." Ulisema, "Mbaruku, nikatie ya mchicha," naye Mbaruku wa bucha akakata. Wajukuu zangu, nikiyataja majina yale nasikia harufu ya soko zima, vitumbua vya Mama Sikudhani na vumbi la malori ya mkonge. Nalipenda soko lile mpaka leo.

Katika majina hayo lilikuwepo moja la pekee: shangazi. Mtu alifika mbele ya Mbaruku amefumba mkono, akasema kwa sauti ya kawaida, "Leo nina shangazi." Mbaruku aliupokea mkono ule kwa viganja vyake viwili, akajifanya anatia kitu kwenye droo, akaifunga, kisha akakata nyama. Tena nyama ya maana, si mifupa. Na ndani ya mkono ule hapakuwa na kitu. Noti ya shangazi haikuwahi kuchapwa na benki yoyote duniani. Kwa nini shangazi? Wengine walisema Mbaruku alilelewa na shangazi yake. Mimi nadhani ni kwa sababu shangazi wa kweli akikupa hakukumbushi.

Baba alipofariki, mama alibaki na cherehani moja na sisi watoto. Kazi ikiwepo, alinunua nyama ya dala kama watu wengine. Kazi ikikosekana, alikwenda na shangazi, na aliamini kwamba siri hiyo ni ya watu wawili tu, yeye na Mbaruku.

Sasa wakati huo nilikuwa nimeposwa na kijana wa Handeni, jina lake Semboja. Alikuwa amenidokeza kwamba kwao kuna maneno. Ndugu zake walisema mjane yule hamtafutii bintiye mume, anaitafutia nyumba yake mlezi. Maneno hayo yalimchoma mama kuliko msumari. Aliapa kwamba mkwe hatauona ufukara wetu hata siku moja. Basi asubuhi moja, bila taarifa, mama yake Semboja mwenyewe, Bi Mwanamkuu, akashuka kwenye basi na kubisha hodi kwetu. Ndani hapakuwa na hata senti. Mgeni hukirimiwa, na huyu hakuwa mgeni wa kupewa mchicha, namaanisha mchicha wa shambani.

"Pumzika mkwe wangu, mimi nafika sokoni mara moja," mama alisema.

"Nipumzike kwani nimelima? Nimeketi kwenye basi mpaka miguu imekufa ganzi. Twende wote," Bi Mwanamkuu akajibu, na kanga yake tayari begani.

Tulikwenda watatu. Njia nzima mama alicheka kwa sauti isiyo yake, na mimi nilimuomba Mungu bucha liwe limefungwa. Halikufungwa. Foleni ilikuwa ndefu, na mbele yetu alisimama kijana mmoja mgeni mjini, Fideli, mwenye suruali ya bugaluu inayofagia sakafu. Huyu alikuwa ametoka Dar es Salaam na fahari yake ilikuwa kuyajua majina yote ya pesa. Alikuwa akiwahesabia watu: ngawira, mapene, faranga, hakuna lililompita. Hakuwa mbaya. Alikuwa na mdomo tu.

Zamu yetu ilipofika, mama alinyoosha mkono uliofumbwa. "Mbaruku, leo nina shangazi."

Fideli, ambaye alikuwa bado anafungiwa nyama yake, akageuka upesi. "Shangazi? Shangazi ndiyo noti gani hiyo? Mimi majina yote nayajua, hilo sijalisikia. Hebu mama, fungua mkono niione rangi yake!"

Foleni nzima ilitugeukia. Mkono wa mama ulikuwa umenyooshwa hewani, na Bi Mwanamkuu alikuwa anautazama. Niliona aibu iliyonifanya nitamani ardhi ipasuke.

Ndipo nyuma yetu mzee Kihiyo, fundi mstaafu wa reli, akakohoa na kuchomoa noti ya kijani. "Kijana, umetoka Dar es Salaam hujui shangazi? Shangazi ni huyu hapa."

"Mzee Kihiyo naye!" Mama Sikudhani akadakia, akifungua fundo la kanga yake. "Huo si mchicha huo? Shangazi ni dala. Tazama, huyu hapa."

"Acheni kumpotosha mtoto wa watu," akasema mtu wa tatu na noti yake ya buluu juu. "Shangazi ni pauni tangu enzi za mkoloni!"

Mara foleni yote ikawa inagombana, kila mtu anapunga noti yake na kuapa kwamba shangazi ni hiyo. Fideli aligeuka huku na huku mpaka shingo ikamuuma. Katika makelele yale Mbaruku aliupokea mkono wa mama taratibu, akaupeleka kwenye droo, akaifunga. Kisha akamwambia yule kijana, bila hasira, "Mwanangu, noti ya shangazi haiulizwi rangi." Watu wakaangua kicheko, naye akatukatia kilo nzima.

Siku ile ndipo mama alipotambua kwamba soko zima lilijua. Waliokuwa nazo, wakirudishiwa chenji, walimwambia Mbaruku, "Hiyo mwachie shangazi," na ndiyo iliyokuwa ikitulisha. Hata Fideli, haukupita muda, tulimsikia naye akiacha chenji yake bila kuuliza ya nani.

Tukashika njia ya nyumbani. Tulipofika kwenye reli, Bi Mwanamkuu aliuchukua mkono wa mama, ule ule, akauweka kwenye viganja vyake viwili kama alivyofanya Mbaruku.

"Kwetu Handeni," akasema, "noti hiyo inaitwa mjomba. Huyo Semboja wangu amekulia kwa mjomba huyo huyo."

Mama alikaa chini palepale kando ya reli, akalia, na Bi Mwanamkuu akakaa kando yake bila kujali vumbi. Sikumbuki nani alianza kucheka kwanza. Nyama ile tuliila pamoja jioni hiyo, na hakuna aliyemuuliza mwenzake lolote.

Noti ya shangazi haiulizwi rangi.